Ugali uliolala na ugonjwa wa sukari: Ukweli ni upi?

Kuna mama mmoja jirani yetu huku Eastlands, Nairobi, mwalimu mstaafu, ambaye ameishi na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Mtaa mzima humwita Mwalimu. Siku moja alinisimamisha langoni akiwa na furaha kama mtu aliyeokota pesa. Alikuwa ameambiwa kwamba ugali ukipikwa, ukaachwa upoe na ukalala usiku kucha, hauna tena sukari ya kumdhuru mgonjwa. "Siku hizi nasonga ugali wa leo ili niule kesho," akasema. "Friji yangu imejaa vipande vya ugali tu. Wewe unayeandika mambo ya afya gazetini, hebu niambie, ni kweli?"

Nilimjibu kwamba ni kweli nusu. Baada ya majuma matatu alinisimamisha tena mahali pale pale, na safari hii hakuwa na furaha. Kliniki walikuwa wamempima asubuhi kabla hajala kitu, na mashine ikaonyesha 19.4. Mgonjwa wa kisukari huhimizwa awe kati ya 4 na 7 kabla ya kula. "Ile nusu yako ya ukweli iko wapi?" akaniuliza.

Habari hii ya ugali uliolala, au kiporo kama wengine wanavyoita, imeenea sana mijini, na wengi hukutumia kwa simu bila kueleza sababu yake. Sababu ipo, na kila mpishi ameiona kwa macho yake bila kujua kwamba anaiona. Hebu tuanze na sufuria.

Mnyororo wa glukosi

Unga wa mahindi kwa sehemu kubwa ni wanga. Nao wanga ni glukosi, ile ile sukari inayopimwa kliniki, isipokuwa punje zake zimeshikana moja baada ya nyingine kama mnyororo. Kitu chochote kilichotengenezwa kwa kipande kidogo kinachojirudia namna hii wanasayansi hukiita polima. Plastiki ni polima, pamba ni polima, na ugali pia ni polima.

Minyororo ya wanga ni ya aina mbili. Ya kwanza ni amilosi, ambayo imenyooka, haina matawi, au inayo machache mno. Ya pili ni amilopektini, ambayo ni kubwa mno na ina matawi mengi kama mwembe, lakini kila tawi ni fupi, mengi yakiwa na punje 15 hadi 20 hivi za glukosi. Katika mahindi yetu ya kawaida, karibu robo ya wanga ni amilosi na robo tatu ni amilopektini. Mchele hutofautiana. Ule ambao punje zake zikiiva hubaki zimeachana huwa na amilosi nyingi kuliko ule unaonata.

Kila punje ya glukosi ina mikono midogo ambayo mwishoni ina oksijeni na haidrojeni. Hapa ndipo pana siri yote. Oksijeni ni yenye tamaa. Inapoungana na haidrojeni huvuta upande wake ile chaji hasi ambayo walipaswa kugawana, na haidrojeni hubaki kama mtu aliyenyang'anywa shuka usiku wa baridi. Hivyo hiyo haidrojeni humwegemea jirani yeyote mwenye oksijeni aliye karibu. Kuegemea huko ndiko kunakoitwa kifungo cha haidrojeni.

Nimechagua neno "kifungo" nikifikiria kifungo cha shati. Punje za glukosi zenyewe zimeshonwa pamoja kwa mshono wa kweli, ambao haufunguki kwa maji ya moto tu. Lakini kati ya mnyororo na mnyororo kuna vifungo hivi, ambavyo nguvu ya kila kimoja ni kama sehemu moja ya ishirini ya nguvu ya mshono. Kimoja peke yake hakishiki kitu. Katika maji hufungika na kufunguka mara nyingi mno kabla hujapepesa jicho. Lakini shati lenye vifungo kumi halivuki kwa sababu kifungo kimoja kimefunguka. Vile tisa hushikilia mpaka kile cha kumi kirudi mahali pake.

Kinachotokea jikoni

Unga mkavu una chembe ndogo ndogo ambamo minyororo imepangwa na kubanana sana. Maji yakifika joto la nyuzi 62 hadi 72 hivi, chembe za wanga wa mahindi huanza kuvimba na kupasuka. Maji nayo yana oksijeni na haidrojeni, kwa hiyo huingia kati ya minyororo na kuchukua nafasi za vifungo. Kila mnyororo huzungukwa na maji pande zote. Ndiyo maana uji huwa mzito ghafla, na ndiyo maana ugali wa moto ni laini hata mtoto asiye na meno huumeza.

Ugali ukiepuliwa na kuanza kupoa, mambo hugeuka. Mwendo wa molekuli hupungua. Minyororo ya amilosi ambayo ilikuwa ikirukaruka sasa hupita karibu karibu na kukaa. Pale miwili inapolala sambamba, vifungo vya haidrojeni hufungika kimoja baada ya kingine, na minyororo hiyo hujisokota pamoja kama kamba ya katani yenye nyuzi mbili, kila uzi ukizunguka mara moja kwa kila punje sita za glukosi. Kisha kamba hizo hulala ubavu kwa ubavu na kufanya mafungu. Hakuna aliyezipanga. Hujipanga zenyewe kwa sababu ya umbo lao na ya vile vifungo vidogo.

Maji yaliyokuwa yamekaa kati yao hutolewa nje. Je, umewahi kufunua sahani ya ugali wa jana ukakuta umetoa maji chini, au ukaona maji yamejikusanya juu ya uji uliolala? Wengi hudhani ni mvuke tu ulioganda. Mvuke upo, lakini sehemu ya maji hayo ni yale yaliyofukuzwa na minyororo ilipokuwa ikishikana.

Mkate nao hupatwa na jambo hilo hilo. Tunasema mkate "umekauka", lakini mwaka 1852 Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate uliozuiwa kabisa usipoteze maji bado huwa mgumu. Haukauki, unajisokota. Na baridi ya friji ndiyo huharakisha jambo hilo, kwa hiyo yule anayeweka mkate kwenye friji ili ubaki laini anajidanganya. Afadhali auweke kwenye sehemu ya kugandisha barafu, ambako minyororo haiwezi kusogea hata kidogo.

Urefu una maana

Mtu angedhani kwamba mnyororo ukiwa mrefu zaidi ndivyo utakavyoshikana upesi. Sivyo. Mwaka 1987 watafiti wawili wa Uingereza, Gidley na Bulpin, walichukua minyororo mifupi ya glukosi ya urefu mbalimbali wakaiacha ipoe ndani ya maji. Ile iliyokuwa na punje chini ya 10 ilibaki imeyeyuka, haikufanya lolote. Kuanzia punje 10, kamba zilianza kujitengeneza. Vifungo vinapokuwa vichache, maji huvifungua vyote kwa wakati mmoja. Vikifika idadi fulani, maji hushindwa. Jambo la kufurahisha ni kwamba hata mnyororo wa punje 6 huweza kuingia katika kamba, mradi uwe na wenzake warefu wa kuushikilia.

Ile inayokusanyika upesi kuliko yote ni ya punje 80 hadi 100 hivi. Ikipita hapo na kufika maelfu, hunaswa yenyewe kwa yenyewe kama nyuzi za sufi mkononi mwa mtoto. Badala ya mafungu safi hufanya wavu unaoshika maji, na ndio ule ugali unaokatika kwa kisu.

Tofauti hii ya urefu inahusu sana sahani yako. Amilosi humaliza kazi yake kwa saa chache, usiku mmoja unatosha. Yale matawi mafupi ya amilopektini huchukua siku kadhaa, na hata yakishikana kamba zake ni fupi na dhaifu, hufunguka kwenye nyuzi 50 au 60 tu za joto. Ndiyo sababu mkate mgumu ukipashwa huwa laini tena. Lakini kamba za amilosi hazifunguki mpaka joto lipite nyuzi 120. Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wetu, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo ugali uliolala unaweza kuupasha moto, ukawa laini na mtamu, na bado kamba za amilosi zikabaki zimefungwa ndani yake. Yule aliyemwambia Mwalimu ale ugali wa baridi kama barafu alimtesa bure.

Tumboni kuna nini?

Kazi ya kuvunja wanga hufanywa na kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho kimo katika mate na katika maji ya kongosho. Hicho ni kama mkasi. Hupokea mnyororo uliolegea, huulaza katika mfuo wake, kisha huukata vipande vipande mpaka glukosi iingie katika damu. Lakini kamba iliyosokotwa haiingii katika mfuo ule. Huupita utumbo mwembamba mzima mzima na kufika utumbo mpana bila kuguswa. Mwaka 1982 Hans Englyst na wenzake huko Uingereza waliupa wanga huo jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita wanga sugu.

Huko utumbo mpana wanga sugu haupotei bure. Bakteria wema waliomo huuchachusha na kutoa asidi fupi, mojawapo ikiwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo mpana. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi ya upasuaji katika hospitali ya Mulago mjini Kampala na ambaye jina lake limebaki katika aina moja ya saratani ya watoto, aliona zamani kwamba Waafrika wa mashambani hawakuwa na saratani ya utumbo kama Wazungu. Alisema ni kwa sababu ya makapi ya chakula. Leo wanga sugu huhesabiwa pamoja na makapi hayo.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio ambalo watu 20 weusi kutoka Pittsburgh, Marekani, na 20 kutoka mashambani Afrika Kusini walibadilishana chakula kwa majuma mawili. Wamarekani walikula vyakula vya Kiafrika vyenye makapi na wanga sugu mwingi, Waafrika wakala nyama na mafuta kwa mtindo wa Marekani. Kwa majuma mawili tu, dalili zinazohusishwa na saratani ya utumbo zilipungua kwa Wamarekani na zikaongezeka kwa Waafrika. Jaribio jingine, ambalo matokeo yake yalitolewa 2022, lilihusu zaidi ya watu 900 wenye kasoro ya kurithi inayoleta saratani. Wengine walipewa gramu 30 za wanga sugu kila siku kwa miaka miwili hivi, wengine wakapewa unga usio na kitu. Saratani ya utumbo mpana haikupungua, jambo lililowashangaza wengi, lakini saratani nyingine za mwili zilipungua karibu nusu katika miaka iliyofuata. Mimi sikuzi jaribio hilo, kwa sababu watu hao si kama wewe na mimi. Ila halipuuziki.

Hesabu ya sahani moja

Sasa turudi kwa swali la Mwalimu. Huo wanga sugu katika kiporo ni kiasi gani?

Vipimo vizuri vipo vya wali. Mwaka 2015 watafiti wa Indonesia walipika wali mweupe na kuupima. Wali uliotoka motoni ulikuwa na gramu 0.64 za wanga sugu kwa kila gramu 100. Ulioachwa saa 10 bila friji ulikuwa na gramu 1.30. Ule uliokaa saa 24 kwenye friji ya nyuzi 4 kisha ukapashwa moto ulikuwa na gramu 1.65. Kwa hiyo ni kweli, wanga sugu uliongezeka zaidi ya mara mbili. Anayesikia hivyo hushangilia.

Lakini hebu tuweke katika sahani. Mtu mzima akila gramu 300 za wali, nyongeza ni gramu 3 tu. Hiyo haijazi kijiko kimoja cha chai cha sukari, na katika sahani ile wanga wote ni zaidi ya gramu 80. Zinazobaki zote bado zitakuwa glukosi katika damu yako.

Hata hivyo, watafiti hao waliwapa watu 15 wenye afya wali huo wakapima sukari yao. Kupanda kwa sukari baada ya wali uliolala kulikuwa chini kwa karibu asilimia 18 kuliko baada ya wali mpya. Hiyo ni zaidi ya gramu 3 zilizopungua. Yaelekea sehemu nyingine ya wanga, ingawa haikugeuka sugu kabisa, ilisagwa polepole zaidi. Kwa hiyo faida ipo. Ni ndogo, lakini ipo, na mtu anaweza kuipata kubwa zaidi kwa kupunguza ugali robo na kuongeza maharagwe au sukuma wiki. Maharagwe, kwa njia, yana amilosi nyingi kuliko mahindi. Githeri ya jana iliyopashwa ni rafiki wa mgonjwa wa sukari kuliko ugali wowote, wa moto au wa baridi.

Kwa anayejidunga insulini kuna tahadhari nyingine. Mwaka 2022 watafiti wa Poland waliwapa wagonjwa 32 wanaotegemea insulini wali mpya siku moja na wali uliolala siku nyingine, huku kipimo cha dawa kikiwa kile kile. Siku ya wali uliolala, waliopatwa na sukari ya chini kupita kiasi walikuwa wengi zaidi. Sukari ikishuka mno mtu hutetemeka, hutoka jasho, na huweza kuzimia. Kwa hiyo usibadilishe chakula kwa kificho. Mwambie daktari wako, mpime pamoja.

Hatari ya kiporo kisicho na friji

Wale Waindonesia walipata wanga sugu hata katika wali ulioachwa mezani saa 10. Tafadhali usiwaige. Katika mchele na unga huishi bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hujifungia ndani ya ganda gumu na kustahimili kuchemshwa. Chakula kikibaki vuguvugu huamka, huzaana, na hutoa sumu ambayo haiharibiki hata ukikipasha mpaka kitoe moshi. Ndani ya nusu saa hadi saa sita baada ya kula, mtu hutapika vibaya. Kwa mzee mwenye kisukari, kutapika siku nzima si jambo dogo.

Chakula cha kulala kitandazwe kipoe upesi, kiingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita, na kiliwe kesho yake. Sufuria kubwa iliyofunikwa hubaki na joto katikati mpaka usiku wa manane. Na kama huna friji, au stima hukatika kila mara, achana na kiporo. Gramu 3 za wanga hazistahili hatari hiyo.

Vifungo hivyo hivyo katika chupa ya dawa

Nilipomaliza kumweleza Mwalimu haya yote, bado swali lake lilikuwa palepale. Ugali uliolala huenda usimsaidie sana, lakini hauwezi kuipandisha sukari mpaka 19.4. Hakuwa ameruka sindano hata moja, na ninamwamini, kwani ni mtu wa kuandika kila kitu katika daftari. Ndipo nikaomba nione insulini yake.

Insulini nayo ni mnyororo mfupi, ila punje zake si glukosi bali asidi amino. Ni minyororo miwili iliyoungana, mmoja wa punje 21 na mwingine wa punje 30, jumla 51. Nayo pia hupenda kukusanyika. Ndani ya chupa, molekuli zake hujipanga mbili mbili, na vifungo vya haidrojeni ni miongoni mwa nguvu zinazozishikanisha. Kisha jozi tatu hukusanyika kuzunguka madini ya zinki. Huo ni mkusanyiko mzuri. Huilinda dawa, na ikidungwa chini ya ngozi hutawanyika polepole hadi kuingia katika damu. Kutawanyika huko ndiko kunakofanya insulini ya kawaida idungwe karibu nusu saa kabla ya chakula. Insulini za haraka, ambazo ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 1996, zilipatikana kwa kubadilisha punje moja au mbili tu katika mnyororo ule ili jozi zisishikane sana.

Lakini kuna mkusanyiko mwingine, mbaya. Insulini ikipata joto kali au ikitikiswa mara kwa mara, molekuli zake hukunjuka. Zikishakunjuka hulala sambamba kama ukindu katika mkeka, na vifungo vya haidrojeni hufungika kwa urefu wote, safu juu ya safu, mpaka zitoke nyuzi ndefu. Nyuzi hizo hazirudi kuwa dawa. Ukidunga, unadunga maji yenye takataka. Nyuzi za namna hii wanasayansi huziita amiloidi, na jina lenyewe lina kisa. Mwaka 1854 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alipaka iodini juu ya uchafu alioukuta mwilini, ukabadilika rangi kama wanga unavyobadilika katika maabara za shule zetu. Akadhani ni wanga, akaupa jina linalotokana na neno la Kilatini la wanga. Haukuwa wanga, ilikuwa protini, lakini jina likabaki.

Chupa ambayo haijafunguliwa yapaswa kukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, isigande hata siku moja. Iliyoanza kutumika huweza kukaa nje, mahali penye kivuli na baridi, kwa majuma manne hivi kulingana na maandishi ya kiwandani. Wasio na friji wasikate tamaa. Mwaka 2021 madaktari wa shirika la MSF pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na vipimo vya joto katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab. Insulini iliyowekwa katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu ya maana kwa majuma manne. Mtungi wenye maji, uliowekwa kivulini, unatosha kwa wengi. Jua la moja kwa moja halifai, wala gari lililofungwa juani, wala majuma kumi.

Kuna insulini ambayo kwa asili yake ni nyeupe kama maziwa. Hiyo huviringishwa polepole kati ya viganja, haitikiswi kama chupa ya soda, na ikibaki na madonge au ukungu unaonata kwenye kioo haifai tena. Insulini ile ya kawaida lazima iwe safi kama maji ya kunywa. Ndiyo aliyokuwa akiitumia Mwalimu asubuhi.

Aliniletea chupa yake kutoka jikoni. Nikaiinua kwenye mwanga wa mlango. Haikuwa safi. Ndani yake mlikuwa na wingu jepesi, na ukiigeuza, vinyuzi vidogo vilishuka polepole kama vumbi katika mwale wa jua. Nikamwuliza ameifungua lini. Akatazama daftari. Ilikuwa imepita miezi mitatu. Nikamwuliza huiweka wapi.

Akanionyesha kidirisha kilicho juu ya jiko, upande unaopigwa na jua la jioni. Zamani aliiweka kwenye friji, akasema, katika kirafu cha mlangoni, lakini tangu aanze mambo ya ugali hakukuwa na nafasi.

Alirudi kliniki kesho yake asubuhi na mapema, na chupa ile mkononi ili wakaione.